Aliyofundishwa Mwali

"Basi hayo uliyoyaandika yasome hapa hapa, baba yako ayasikie!" mama alifoka, akaupiga mkeka kwa kiganja.

"Mama, hii ni kazi ya likizo, somo la maisha ya jamii. Mwalimu anataka kila mtu aandike mila za kwao. Bila maksi zake sipati cheti cha darasa la kumi na mbili."

"Mwalimu mwenyewe mwanamume?"

"Ni Mzungu, mama."

"Kwani Mzungu havai suruali?"

Aurelia alisimama na daftari. Kurasa nne zilijaa mafunzo aliyopewa na shangazi zake kule Lumemo alipowekwa ndani kama mwali, maneno ambayo mwanamke hamwambii mwanamume yeyote, hata mumewe. Kizingitini baba yake alikuwa akisuka mgono wa kuvulia samaki. Sasa vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Alifungua mdomo. Sentensi ya kwanza akaisoma kwa macho tu. Jasho la kiganja liliyeyusha wino, ukamtia buluu vidoleni.

Hasira ikampanda, lakini si kwa mama. Yeye hawezi kumsomea hata baba yake mzazi, na yule Mzungu ameyaagiza kama anavyoagiza chaki!

Akazichana kurasa zote nne, akamkabidhi mama. Akaketi, akaandika kwenye karatasi safi:

"Bwana Mwalimu, tafadhali niandikie kwanza mama yako alifundishwa nini usiku wa kuamkia harusi yake. Nikiyapata, nami nitakuletea ya kwetu."

Akatia sahihi jina lake lote, akalamba bahasha, akatoka mbio kuliwahi lori la barua.