Tuta la Tatu

Tangu sheria ikataze kuzika ardhini, kila aliyefariki huko milimani alichukuliwa na gari la serikali kwenda kuchomwa. Mama yake Tuntufye aliapa hachomwi. Kwa hiyo alipokata roho, Tuntufye alimzika kwa siri katika shamba lake la maua.

Msimu ulipofika alilima, akavunja mabonge, akachanganya samadi na majivu, akainua matuta ya kupandia maua. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kupanda kabla udongo haujapimwa.

Mpimaji wa serikali akaja na fimbo yake ya kupimia rutuba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akaichomeka fimbo katika tuta la kwanza, la pili, kisha la tatu, juu ya marehemu. Fimbo ikawaka kijani kikali.

"Hongera, mama! Rutuba ya ajabu. Umeweka nini hapa?"

"Samadi tu."

"Basi kesho tunaleta mashine, tuchimbe mita mbili, tuone inatoka wapi."

"Karibuni," akajibu Tuntufye, akaketi palepale juu ya tuta.