Kigelegele cha Bi Somoe

Kile kidude cha plastiki cha kupimia pumzi pale zahanati kilikuwa na kipira chekundu ndani. Bi Somoe alivuta pumzi kwenye mrija wake, kipira kikatikisika kidogo kisha kikatulia palepale chini.

"Jumamosi namwoza Zaituni wangu," alimwambia muuguzi Hidaya huku akihema. "Kwetu mama mtu hupiga kigelegele kimoja, bila kukikata, tangu bwana harusi atokee barabarani mpaka avuke kizingiti. Kikikatika, watu watasema ndoa haina baraka."

"Uzito unakubana kifua, shangazi, lakini si huo tu. Mafuta ya mwilini hutoa homoni inayouambia ubongo, pumua. Yakizidi, homoni nayo inazidi, ubongo unaizoea mpaka hauisikii tena."

"Kumbe kama redio ya jirani yangu!"

Wakacheka, mpaka Bi Somoe akashika ukingo wa meza.

"Dawa yake?"

"Kupungua, polepole. Si kazi ya siku nne."

Bi Somoe alikirudisha kile kidude mezani.

"Basi huyo mkwe itabidi aje mbio."

"Au aanzie karibu. Nani alisema lazima atoke barabarani?"

Hidaya akafungua mlango, akatoka, akasimama hatua tatu nje ya kizingiti. "Haya, mimi ndiye bwana harusi."

Wagonjwa waliokaa kwenye benchi waligeuka. Bi Somoe alijaza kifua, akaweka kiganja juu ya mdomo, akaanza. Sauti ilitoka nyembamba, ikatetemeka, ikaendelea.

Hidaya alipiga hatua mbili, akainua mguu kuvuka kizingiti, kigelegele kingali kinalia.