Taa ya Hamu

Siku hizo mteja mkubwa hakusoma pendekezo la kazi mpaka taa ya mashine ya mwandishi iwake, kuthibitisha kuwa ana hamu ya kweli ya mtu au kitu. Kwa kuandika mapendekezo, Mwasiti hakuwa na mpinzani Tanga nzima, maana mumewe, Kibwana, alikuwa kazini mbali, Songea, naye alimtamani kila siku.

Kibwana akapiga simu. “Nimepata likizo, mke wangu. Ijumaa nipo nyumbani.”

“Usije kwanza, vumilia kidogo, mume wangu. Naandika pendekezo la hoteli kubwa.”

“Mwaka jana pia ilikuwa hoteli.”

Simu ilipokatika, Mwasiti alikumbatia shati la mumewe, kama kawaida yake kabla ya kuandika. Lilinukia sabuni tu. Akaketi kuisubiri taa iwake, kama zamani alivyokuwa akimsubiri Kibwana.