Mwarobaini wa Bi Mashavu

Mafuta ya mwarobaini yalibaki chupa moja. Bi Mashavu alikuwa ameianika juani yayeyuke, apate kunyunyizia nyanya zake, za mwisho mjini ambazo ukungu mweupe ulikuwa haujazila. Bwana shamba akatokea, amejifunika shuka hadi kidevuni.

"Umekuja kuyamwaga tena?" Bi Mashavu akamkaripia. "Si uliyaita uchawi wa vikongwe, mbele ya watu?"

"Nisamehe, mama. Nigawie."

"Ya nini? Shamba lako si limeshakufa?"

Akateremsha shuka. Ukungu uleule ulikuwa umemtanda shingo nzima, laini kama unga.

"Unapanda kuja usoni," akanong'ona.

Bi Mashavu akageukia nyanya. Jani la kwanza lilikuwa linaanza kuwa jeupe. Akalowesha kitambaa, akasimama katikati ya nyanya na bwana shamba, mafuta yakidondoka mchangani.