Ramani ya Vizibo

Mwalimu Kibibi alichora duara kubwa mchangani kwa kijiti, akawaambia watoto wa darasa la kwanza kuwa huo ndio mji wao. Wakachutama kuuzunguka, kila mmoja na kizibo chake cha soda, wakaanza kupanga nyumba. Walipanga vizuri mno. Msikiti waliuweka katikati, mto wakaupitisha upande wa machweo, hata mashine ya kusaga hawakuisahau.

Nyuma ya mashine pakabaki mchanga mtupu.

"Na hapa pana nini?" akauliza Kibibi, ingawa ndipo alipokuwa akilala na kuamka.

Watoto wakatazamana. Arafa, binti wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akasimama, mikono nyuma, akajibu kwa adabu zote.

"Hapana kitu, Mwalimu. Mama amesema ulimla mumeo, kwa hiyo pale tusipataje."

Uso wa Kibibi ukawaka moto. Fimbo ilikuwa karibu, naye aliitazama. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo wa nyumba, akaukita mchangani.

"Hapa nakaa mimi. Kamwambie mama yako, na sihami."

Kengele ikalia. Watoto wa zamu wakaja na mafagio, wakafagia uwanja kama kila siku: vizibo, mto, msikiti, mji mzima ukaenda. Ufunguo waliupitia mbali, hakuna aliyethubutu kuugusa. Ukabaki umesimama peke yake, katika kiduara cha mchanga usiofagiliwa.