Chuma Kilichofunzwa

Salha alikiyeyusha mwenyewe kile kipande cha aloi, mchanganyiko wa metali, akakipoza polepole ili chembe zake zielekee upande mmoja. Kisha akawa anakibana na kukipitishia sumaku, kama anayemfunza mtoto kutembea, mpaka kikajua kujinyoosha kila sumaku inapokikaribia.

“Nimekifunza peke yangu,” Raya, mwenzake wa karakana, aliwaambia wageni waliokuja kutafuta fundi.

Salha akacheka, akidhani ni utani. “Shoga, na mimi je?”

“Huyu hutufagilia,” Raya akasema bila kumtazama, akasogeza sumaku karibu na kipande, kilichofungwa kwenye bomba la maji.

Salha akaomba moyoni kikatae. Kikajinyoosha vilevile alivyokizoesha, kikasukuma kizibo cha bomba, maji yakamwagika sakafuni. Katikati ya makofi, mgeni mmoja akarudi nyuma kwa adabu, akampisha Salha apanguse.