Ala Iliyowapa Watu Mgongo

Siku ya harusi ya dada yangu nilifunga upanga wa babu kiunoni, upande wa kushoto. Nakshi za ala zikalalia paja langu, wageni wakabaki kuona ubao mtupu.

"Ala hiyo babu yenu aliichonga kwa mkono wake!" Baba akajigamba.

Jirani yetu, Bibi Salud, akaweka chini sahani yake. "Umeuvaa vibaya, mjukuu wangu. Huo ni wa mashoto, unavaliwa kulia."

"Bibi nawe! Babu hakuwa mashoto."

"Hakuwa. Marehemu mume wangu ndiye alikuwa."

Nikauchomoa nimwoneshe amekosea. Panga zetu hapa kisiwani Panay hunolewa ubapa mmoja tu, kufuata mkono wa mwenyewe, na huo haukunolewa kwa mkono wa kulia kama wangu. Kila Ijumaa Kuu nilikuwa naupaka mafuta, sikuwahi kujiuliza.

Nikamgeukia Baba anitetee. Alikuwa ameinamia sahani, uso umemwiva, wala hakuonekana kushangaa.

Nikaurudisha alani, nikaanza kufungua kamba nimpe. Bibi Salud akanizuia mkono. Akauhamishia kulia, akaufunga bila hata kuangalia, akaupigapiga kama anayemuaga mtu wa nyumbani.

"Haya, nenda kacheze. Mume wangu alihangaika sana na nakshi hizo. Watu wazione."